Ndanu na Chuma cha Kilo Nane

Kila asubuhi Ndanu alivaa gambuti, akafunga leso kiunoni, akaenda kazini. Hakuuza mboga. Hakufulia watu nguo. Alikuwa akipakua simiti kwenye hadiwea ya Kimanzi, duka la vifaa vya ujenzi pale kituo cha Kawangware 56. Wapakuaji walikuwa watano. Wanne walikuwa wanaume.

"Hii kazi itakuvunja," mwenzake Oloo alimwambia. "Tafuta kibanda uuze nyanya."

"Nyanya uza wewe," Ndanu alijibu, akainua mfuko.

Siku moja lori lilifika mvua ikikaribia. Ndanu aliharakisha. Aliinama mgongo ukiwa umepinda, akabana pumzi, akavuta mfuko kwa mikono. Kitu kikakatika kiunoni, ka! Akaanguka magoti. Oloo na wenzake walimshika, wakampeleka kliniki.

Muuguzi alimpima polepole. "Ni misuli imevutika," alisema. "Pumzika kwanza, lakini usilale kitandani siku nzima. Tembeatembea. Miguu ikifa ganzi, rudi hapa mara moja. Maumivu yakiisha, tafuta mtu akufundishe kujenga nguvu."

Kimanzi hakungoja. "Ukipona utafagia duka," alimwambia. "Kubeba umemaliza."

"Bosi, kufagia si kazi mbaya," Ndanu alisema. "Lakini kazi yangu ni kubeba. Nipe miezi mitatu."

Kimanzi alicheka. Ndanu hakucheka.

Katika ploti ya nyumba za kupanga alimoishi Ndanu, aliishi pia Eddah, mwalimu wa mazoezi. Jimu yake ilikuwa chumba cha mabati nyuma ya saluni. Mgongo ulipoacha kuuma, Ndanu alikwenda huko. Sakafuni alikuta matufe ya chuma yenye mkono juu, kama birika zisizo na mdomo.

"Hizi tunaziita ketobeli," Eddah alimwambia. "Anza na hii ya kilo nane."

"Kilo nane? Mimi hubeba simiti, Eddah!"

Wanaume wawili waliacha mazoezi yao, wakatazama. Ndanu aliona macho yao. Akaenda moja kwa moja kwenye tufe kubwa kuliko yote. Akainama, akabana pumzi, akalirusha mbele na nyuma kwa mikono. Mara ya nne, chumba kilizunguka. Akaliacha chini, akakaa.

Eddah alimpa maji. "Kiburi chako nakipenda sana, siz," alisema. "Lakini hakijui kupumua. Ukibana pumzi muda mrefu, presha inapanda, kichwa kinazunguka. Na ukikunja mgongo, mgongo ndio unabeba kila kitu."

"Sasa nifanyeje?"

"Ukiwa umeshika karai kwa mikono yote miwili, mlango unaufunga na nini?"

"Na makalio."

"Basi! Sukuma makalio nyuma hivyo hivyo. Magoti yakunje kidogo tu. Mgongo unyooke. Chuma kikipita nyuma kati ya mapaja, vuta hewa kwa pua. Kisha kaza makalio, simama wima kwa nguvu, utoe pumzi: tss! Usikivute kwa mikono. Mikono ni kamba tu. Nyonga ndizo zinazorusha."

Kwa wiki mbili Eddah hakumruhusu kurusha. Alimfanya aokote chuma sakafuni na kukirudisha, tena na tena. Ndanu alichukia. Lakini kila jioni alirudi.

"Mama, hiyo ni ya watoto," mwanaume mmoja alimtania siku Ndanu alipoanza kuirusha.

"Njoo uirushe pamoja na mimi," Ndanu alisema. "Atakayechoka kwanza aondoke."

Mwanaume alikuja. Alirusha kwa mabega, mdomo ameufunga. Baada ya muda mfupi uso wake ulibadilika rangi, akaacha. Ndanu aliendelea. Hewa ndani, chuma nyuma. Tss, chuma mbele. Mwanaume aliketi kwenye benchi, akamwomba Eddah amfundishe.

Miezi mitatu ilipoisha, Ndanu alikuwa akirusha kilo kumi na sita. Alirudi hadiwea. Kimanzi alimnyooshea ufagio. Ndanu alimpita, akaenda kwenye lori. Alisukuma makalio nyuma, akanyoosha mgongo, akaukumbatia mfuko karibu na tumbo. Tss! Akasimama nao. Alifanya hivyo mpaka lori likabaki tupu. Jioni alitembea mpaka nyumbani bila kushika kiuno. Kimanzi hakumtajia ufagio tena.

Mwezi uliofuata, mwanamke aitwaye Nalianya alikuja kuomba kazi ya kupakua. Kimanzi alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Mama, hapa tunabeba simiti," alisema. "Wanawake hawawezi…"

Aligeuka. Ndanu alikuwa amesimama nyuma yake, vumbi la simiti usoni.

"Maliza, bosi," Ndanu alisema.

Kimanzi alikohoa, akaingia dukani.

Ndanu alimgeukia Nalianya. "Mgongo wako mzima?"

"Mzima."

"Vizuri. Weka gunia la mchanga hapo mbele yako. Kabla hujaligusa, nionyeshe unavyopumua."