Sauti Nyuma ya Magunia

Siku ya tatu tangu afungue duka, Matrida alisikia mtu akikohoa nyuma ya magunia ya unga. Akachungulia. Hapakuwa na mtu, ila sakafu ilikuwa imelowa, na harufu ya tope la ziwani ikampanda puani, ilhali ziwa liko mbali na mtaa ule wa Nyakato.

Alikuwa amehamia hapo kutoka Mugeta na binti yake Recho, wa miaka sita. Mumewe Baltazari alipofariki, shemeji zake walichukua ng'ombe, wakachukua na nyumba.

"Hapo watu hawakaagi," jirani yake Getruda, fundi cherehani, alimnong'oneza. "Watatu wameshahama. Humo mna jini, linaitaga kwa sauti ya marehemu wako. Ukiitika, linakuchukua."

"Sasa mimi nihamie wapi, dada?"

Wiki hiyohiyo, mchana wa jua kali, alimkuta Recho amepiga magoti mbele ya magunia, gauni limelowa mpaka kiunoni, anacheka.

"Baba ananiita, mama. Anasema huko kuna maji mazuri."

Matrida akamwita mganga kutoka Butiama, mzee Makongoro. Mzee alikuwa hajamaliza hata kufungua mkoba wake pale sauti ya bibi kizee ilipomwita kutoka nyuma ya magunia, kwa jina lake la utotoni. Uso ukamsawijika.

"Huyo ni mama yangu," alisema kwa shida. "Funga duka, binti. Hili siliwezi." Akatoka mbio, mkoba akauacha.

Matrida alimpeleka Recho kwa Getruda, akarudi peke yake, akajifungia ndani. Akaanza kuburuta magunia, moja, la pili, la tatu, na kila alipoburuta maji yalipanda, yakamfika vifundoni, baridi kama ya kisimani, harufu ya tope ikamkaba koo, na kutoka ukutani, karibu kabisa na sikio lake, Baltazari akasema taratibu, kwa ile sauti yake ya kuburuta maneno, "Mama Recho, umechoka. Funga, twende nyumbani."

Mdomo ulimfunguka kuitika abee. Akaung'ata ulimi hadi damu ikatoka.

"Baltazari nilimzika kwa macho haya!" alipaza sauti. "Ng'ombe wamechukua. Nyumba wamechukua. Na wewe unataka mtoto na duka? Hupati! Sitoki hapa, toka wewe!"

Ukuta ukatetemeka. Maji yakanywea sakafuni, pakakauka kabisa.

Akafungua mlango. Muuza chapati mmoja, aitwaye Kwangu, alikuwa tayari amesimama nje na ndoo yake.

"Nipimie unga, Mama Recho."

"Leo tunafunga mapema," ikajibu sauti kutoka nyuma ya magunia.

Ilikuwa sauti ya Matrida mwenyewe. Mdomo wake ulikuwa umefumbwa.

Kwangu akarudi nyuma hatua moja, macho yamemtoka. Matrida akapiga kaunta kwa kiganja.

"Hatufungi," alisema. "Kilo ngapi?"