Mchezo wa Foleni Uliokataa Kufunguka

Kila asubuhi binti yangu huamka kabla cherehani yangu haijaanza kulia. Huchemsha chai, hufagia vipande vya vitambaa nilivyoangusha jana, kisha hushika begi na kukimbilia shuleni ili apate kiti katika chumba cha kompyuta. Marehemu mama yake alimwita Mchwa, kwa kuwa akianza kutafuna jambo haachi mpaka aone mwisho wake. Jina likaganda.

Mama yake alifia kwenye foleni ya hospitali. Namba yake ilikuwa arobaini na moja. Walipofika thelathini na nane, karani akafunga dirisha akasema, "Njooni kesho." Kesho yake mke wangu hakuiona. Wakubwa waliohusika bado wamekalia viti vyao vinavyozunguka, na mimi sijawasamehe.

Mchwa hakulia mbele za watu. Alitengeneza mchezo. Kwa miezi minane alikaa mbele ya kompyuta kuukuu ya shule, moja ya zile za Windows, akaandika mchezo alioupa jina Foleni. Mchezaji anampeleka mama mgonjwa kutoka getini hadi mlango wa daktari kabla dirisha halijafungwa. Njiani kuna watu wanaochomekea, karani anayepotea, na bwana mwenye tai anayepita bila namba. Nilipoucheza nilishindwa mara tano. Nikatoka nje kufuta macho, nikasingizia vumbi.

Mchezo ukachaguliwa kuonyeshwa Ijumaa, siku ya wazazi. Mgeni rasmi angekuwa mganga mkuu wa hospitali ile ile.

"Baba, nataka aucheze yeye mwenyewe," Mchwa aliniambia. "Basi."

Jumatatu ya wiki hiyo alirudi nyumbani macho mekundu. Kompyuta zote za zamani zilikuwa zimeondolewa, zikaletwa mpya, za Mac. Mchwa alichomeka flashi yake, akabofya mchezo, ukakataa kufunguka.

Sikumaliza hata kupiga pasi suruali ya mteja. Nilimshika mkono tukarudi shuleni, na shingoni nina futi yangu ya kupimia.

"Shikamoo, mwalimu mkuu," Mchwa alisema.

"Marahaba. Mzee, kuna nini tena?"

"Kuna kwamba mmebadilisha kompyuta wiki ya maonyesho. Mlimuuliza nani?"

"Mzee, haya ni maendeleo. Hatuwezi kusubiri mtoto mmoja."

"Sisi ndio kila siku tunaambiwa tusubiri! Leo nyinyi mmeshindwa kusubiri siku nne?"

Alitazama saa yake. Mikono ya koti alilovaa niliipunguza mimi, na siku hiyo nilijuta sikuipunguza mpaka kwenye viwiko. "Mchezo ukifanya kazi kufikia Alhamisi, utaonyeshwa," alisema. "Usipofanya kazi, nautoa kwenye orodha."

Tulimkuta mwalimu wa kompyuta, dada mmoja kijana, amepiga magoti akichomeka nyaya. Yeye angalau alitupa viti.

"Baba, ngoja nikueleze kifundi," alisema. "Ulichonacho kwenye flashi ni kama gauni lililokwisha kushonwa kwa vipimo vya Windows. Mac hailivai. Lakini Mchwa akiniletea zile faili alizoandika mwenyewe, mstari kwa mstari, yaani karatasi za kukatia, tutalishona upya kwa vipimo vya Mac. Lugha aliyotumia inafahamika huku na huku."

Nikapata nguvu. "Haya, mwanangu, mpe."

Mchwa aliangalia viatu vyake. "Zilikuwa kwenye kompyuta iliyoondolewa."

"Hukuweka nakala?" mwalimu aliuliza.

Kabla hajajibu nikafoka kwamba wamechukua jasho la mtoto wangu wakalitupa kama takataka. Nilisema mengi. Mwalimu alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, lakini macho yake yalikuwa kwa Mchwa.

Tulipofika nyumbani ndipo Mchwa aliposema, "Baba, nakala ipo. Anayo Miwani."

Miwani alikuwa rafiki yake, aliyekaa naye dawati moja. Nikakumbuka kwamba siku nyingi hajakanyaga kwetu.

"Kwa nini iwe kwake?"

"Kwa sababu watu wa kwenye foleni, namna wanavyosogea na kuchomekea, aliandika yeye. Karani anayepotea ni wazo lake. Mimi nilichora, nikaandika yaliyobaki."

Damu ilinipanda. Nilikuwa nimeuona mchezo ule kwa macho yangu, na ukifunguka tu maandishi makubwa yanasema: Umetengenezwa na Mchwa peke yake.

"Umemfuta mwenzako? Umesema uongo mbele ya shule nzima?"

"Wewe ndiye uliyeniambia!" alipaza sauti, jambo ambalo hajawahi kunifanyia. "Ulisema, 'Usimtaje mtu, ukimtaja atakunyang'anya. Dunia ni ya wenye majina.' Ulisema hivyo hapo hapo kwenye cherehani!"

Niliketi. Nilisema hivyo, kweli. Nilikuwa na hasira na dunia nzima, nikammiminia mtoto, naye akainywa yote. Kwa muda mrefu nilitafuta wa kumlaumu, na safari hii hakuna mkubwa niliyempata chumbani mle isipokuwa mimi.

"Vaa viatu," nikamwambia. "Twende kwa Miwani."

Miwani alitufungulia mlango, akatutazama kama wadai. Alikuwa msichana mfupi, na miwani yake imefungwa uzi upande mmoja.

"Leo ndiyo mmenijua?" alisema.

"Miwani, samahani," Mchwa alianza.

"Samahani ya nini? Ya kunifuta, au ya kutaka flashi yangu? Kama zile kompyuta zisingeondolewa, ungekuja?"

Mchwa akasema, "Nisingekuja."

Miwani hakutegemea jibu hilo. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Mwanangu," nikasema, "kosa hili mbegu yake niliipanda mimi. Nikemee na mimi."

"Wewe ni mtu mzima, siwezi kukukemea," alijibu. "Lakini ulikosea, Baba Mchwa."

"Nilikosea."

"Basi flashi ninayo. Ila siitoi ikaenda peke yake. Nakwenda nayo mimi. Na Mchwa atasema ukweli mbele ya darasa kabla hatujagusa kitu."

Jumanne asubuhi Mchwa alisimama mbele ya darasa akasema ukweli. Wapo waliomcheka, wakambandika jina la Peke Yake, na lilimfuata wiki nzima. Alilibeba.

Kisha wakaanza kazi, wao wawili na mwalimu. Mchezo ulifunguka kwenye Mac, lakini skrini ilikuwa nyeusi tii. Walihangaika hadi Jumatano jioni. Miwani ndiye aliyegundua: mchezo ulielekezwa kutafuta picha ndani ya kompyuta ile ya zamani, kwa anwani yake, na anwani hiyo kwenye Mac haipo.

"Ni kama barua iliyotumwa kwenye nyumba iliyobomolewa," Mchwa alisema.

Wakaandika upya anwani za picha zote. Alhamisi mchana mama mgonjwa alitokea getini, akapiga hatua ya kwanza. Mwalimu mkuu alichungulia mlangoni, akasema "vizuri," akaenda zake.

Ijumaa mganga mkuu aliketi mbele ya skrini. Maandishi yakatokea: Umetengenezwa na Mchwa na Miwani. Akacheza. Bwana mwenye tai akampita. Karani akapotea. Dirisha likafungwa, na skrini ikaandika: Njoo kesho.

Wageni walicheka. Yeye hakucheka. Alicheza tena, akashindwa tena.

"Huu mchezo una kasoro," alisema. "Hakuna njia ya kushinda mtu akichelewa getini."

"Haikuwapo, daktari," Mchwa alijibu. "Mama yangu alikuwa namba arobaini na moja."

Mganga mkuu aliomba namba ile iandikwe kwenye karatasi, akaitia mfukoni. Atafanya nini nayo sijui, na simtarajii sana.

Tukirudi nyumbani niliwaambia wasichana wale wawili, nanyi mnaosoma nawaambia vilevile: "Wakubwa wakikudhulumu, kasirika, una haki. Lakini kabla hujawanyooshea kidole, angalia kama na wewe hujachomekea mbele ya mtu. Kazi mliyofanya wawili ina majina mawili. Ukilifuta la mwenzako, siku mlango ukikataa kufunguka utakuta ufunguo anao yeye."

"Baba, umeanza kuhutubia kama mwalimu mkuu," Mchwa alisema.

Miwani akacheka mpaka uzi wa miwani yake ukakatika. Nikatoa sindano na uzi mfukoni, nikaufunga pale pale njiani.