Ukurasa Ndani ya Beseni

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alipitia maktaba kumsubiri shangazi yake. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Shangazi alitunza chumba cha magazeti ya zamani, na mle ndani hata ndugu hakupendelewa. Unanawa mikono, unaikausha, unaacha mkoba mlangoni, unaingia na penseli tu.

Jumatatu moja Shangazi alifungua jalada la gazeti la kwanza kabisa la mji wao. Karatasi moja haikuwepo.

Chiriku alitazama pembeni. Aliijua karatasi ile. Wiki iliyopita, Shangazi alipotoka kupokea simu, Chiriku aliifunua kwa pupa ikachanika. Akakimbilia mkoba wake, akachomoa selotepu ya vinyota vya buluu, ileile aliyopambia madaftari yake, akaibandika na kufunga jalada kama hajui lolote.

"Ufunguo tunao mimi na Fundi tu," Shangazi alisema. "Na mwenye dhamana ni mimi. Chumba hiki nitanyang'anywa."

Fundi! Chiriku alishusha pumzi. Mzee huyo wa kujalidi vitabu alikuwa na miezi miwili tu kazini, na hakuwa msemaji. Tangu hapo Chiriku akawa haachi kumchunguza. Alimwona akijifungia chumba cha nyuma. Alisikia maji yakichuruzika. Alimwona akitoka mikono ya shati imelowa, akitazama huku na huku. Mtu mwema hufunga mlango wa nini? Kadiri alivyomshuku Fundi, ndivyo alivyosahau selotepu yake.

"Fundi ndiye mwizi," alimnong'oneza mlinzi wa mlangoni.

"Lisemwalo lipo," mlinzi akajibu, naye hakulala na siri hiyo. Kufikia Jumatano Fundi alikunywa chai peke yake, na kila alipopita watu walikatiza mazungumzo.

Habari zikamfikia mkutubi mkuu. Aliongozana na Shangazi hadi chumba cha nyuma, Chiriku akiwafuata, mkutubi akagonga mlango. Fundi akafungua. Mezani palikuwa na beseni pana la maji, na ndani yake, karatasi iliyopotea.

"Maskini, gazeti langu!" Shangazi alipiga kelele. "Unaliloweka kama nguo?"

"Taratibu, mama," Fundi alisema. "Karatasi hizi za kale zilitengenezwa kwa matambara ya pamba. Haziogopi maji, mradi unajua kuziosha. Inayoziua ni hii."

Akaonyesha kipande cha selotepu pembeni ya beseni. Kilikuwa na vinyota vya buluu. Chiriku alirudi nyuma hatua moja. Fundi alimtupia jicho mara moja tu, kisha akakifunika kwa kiganja.

"Gundi yake hula karatasi polepole na kuacha doa," aliendelea. "Nimeitoa kwa dawa. Sasa naondoa uchafu."

"Nani aliibandika?" mkutubi mkuu aliuliza. "Na kwa nini hukuandika daftarini kwamba umeichukua?"

"Ningeandika, ningelazimika kuandika na sababu. Hapo nimekosa, nakiri. Lakini kazi yangu ni kutengeneza, si kutaja watu."

"Basi kusanya vyombo vyako uende."

Fundi akaanza kufuta brashi zake, moja baada ya nyingine, bila kunung'unika. Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. Mzee alikuwa amejua muda wote!

"Ni mimi!" alisema huku akilia. "Nimechana mimi, nimebandika mimi. Na uvumi nimeueneza mimi. Shikamoo, babu, nisamehe."

"Marahaba," Fundi akajibu, kana kwamba ndiyo kwanza wakutane.

Mkutubi mkuu alimrudisha Fundi kazini papo hapo. Shangazi alibaki na ufunguo wake, ila Chiriku alifungiwa chumba kile mwezi mzima. Kabla ya hapo alitumwa kwa kila aliyemsikia, kuanzia mlinzi, akaseme ukweli kwa mdomo uleule.

Alipomaliza alirudi kwa Fundi. Karatasi ilikuwa imetandazwa ikauke, safi, ila katikati palibaki doa la kahawia.

"Hili halitoki?"

"Halitoki. Ungeniambia siku ileile, mwanangu, ningeiunga kwa nusu saa na doa hili lisingekuwepo. Kuchana si kosa kubwa, karatasi huchanika. Kilichoila ni kuficha."