Poda Chini ya Bawa

Doa la buluu lilikuwepo chini ya bawa, lakini sakafu ya banda ilikuwa kavu. Isdory, fundi wa ndege, aligusa, akanusa. Petroli ya ndege, mbichi. Tone likachungulia kwenye riveti, pini ya kushikia bati, likaning'inia, likadondoka. Chini halikufika.

"Upepo," alijiambia. Upepo haukuwepo.

Ndege ile ndogo, kuukuu, iliyokuwa ikibeba wageni wa hifadhi ya bahari, kesho ingempeleka mkewe Leonia kujifungulia Dar es Salaam. Mimba mbili zilishaharibika. Daktari wa hapo kisiwani, Kilindoni, hakutaka kubahatisha hii. Isdory akafuta bawa ili alipake unga wa chaki, mafuta yachore yanakopita. Chaki ilikuwa imekwisha. Akafungua begi la safari la Leonia, lililokwisha letwa bandani kwa ajili ya kesho, akatoa kopo jipya la poda ya mtoto.

Poda ilionyesha. Mstari wa buluu ulipanda badala ya kushuka, na pembeni yake poda ilikuwa imelambwa kwa ulimi mpana.

Hakutazama mara mbili. Alitoa mafuta yote ya tanki la bawani, akaziba ufa kwa gundi ya tanki, ilipokauka akajaza tena. Pakavu! Akamshukuru Mungu, akaenda nyumbani.

Alimkuta jirani yao, Bi Biubwa, mkunga na mganga, amemshika Leonia mkono.

"Maji yananitoka, Isdo," Leonia alinong'ona. "Na mtoto hachezi."

Kanga yake ilikuwa na doa la buluu. Chumba kilinuka petroli.

"Shikamoo, bibi. Ana nini?"

"Marahaba. Wewe leo umefanya nini huko kiwanjani?"

Akamweleza.

"Poda ya mtoto? Hata hajazaliwa!"

"Poda ni poda, bibi."

"Huko kwenu bara! Huku cha mtoto hakifunguliwi kabla hajalia. Yule pepo wa bawani alikuwa na kinywaji chake, hana habari na nyie. Umemnusisha harufu ya mwanao, kisha ukamzibia petroli yake. Anywe wapi?"

"Basi mfukuze!"

"Nimefukiza ubani. Kacheka."

Chini ya kitanda kitu kililamba, polepole, kama paka kwenye sahani, na Isdory akatoka mbio bila viatu, akakata uwanja wa ndege huku mlio ule ukimfuata masikioni, akaingia bandani, akapiga magoti chini ya bawa na kuichokonoa gundi kwa bisibisi, akichokonoa na kusali, akisali na kulia, mpaka ikabanduka.

Tone likadondoka. Chini halikufika.

Simu ikalia. "Isdo! Maji yamekatika. Anacheza, anapiga teke! Kesho tunaondoka saa ngapi?"

Alilitazama bawa. Ndege inayovuja hairuki.

"Hatuondoki," alisema. "Utajifungulia hapa hapa."

"Hapa? Na daktari alivyosema?"

Akakata simu, akachungulia chumba cha rubani. Mshale wa tanki ulikuwa unashuka, haraka kuliko ufa ule ulivyoweza kuvuja. Isdory akabeba dumu la petroli, akapanda ngazi, akaanza kumimina. Na chini ya mikono yake bawa likatikisika taratibu, kwa mpigo, kama titi la mama, mtoto anaponyonya.