Waliocheka Msibani

— Mbona umezima maandishi ya runinga? mke aliuliza.

Mume alimwandikia kwenye simu: "Yananiumiza macho. Angalia picha tu."

Homa kali ilimnyang'anya mke masikio miaka miwili nyuma. Kuongea aliongea vizuri. Kusikia, hata radi hasikii. Alikuwa fundi cherehani, na starehe yake kubwa ilikuwa tamthilia zenye maandishi.

Jioni hiyo alikaa kwenye kochi na mumewe, pamoja na shoga yake, msusi wa nyumba ya pili. Midomo ya wawili hao ilikwenda mbio, wakacheka mpaka machozi. Lakini kwenye runinga watu walikuwa wanazika.

Polepole akaegesha simu yake kwenye mto, akawarekodi.

Kesho yake mume alipokwenda kazini, mke alirusha video ile kwenye runinga, akashika rimoti, akaingia kwenye mipangilio. Kugeuza sauti kuwa maandishi: washa. Herufi: kubwa kabisa. Rangi: njano.

"Huyu kiziwi wako utamvumilia mpaka lini?"

"Mwezi ujao namrudisha kwao. Nitasema amechanganyikiwa."

"Na gauni langu la harusi?"

"Si fundi tunaye? Atakushonea yeye."

Alisoma mara nne. Alilia, akanawa uso, akamtumia msusi ujumbe: "Shoga, njoo Jumapili saa tisa. Nina video tamu."

Jumapili, mume akiwa nyumbani, alikuja msusi, akaja mama mkwe, akaja na kaka wa mke.

— Mama, kaa hapa mbele, alisema mke. Leo tunasoma wote.

Maneno ya njano yalipojaa kioo, msusi alinyanyuka. Kaka akasimama mlangoni.

— Kaa, shoga. Bado hatujafika kwenye gauni.

Mama mkwe alisoma mpaka mwisho, kisha akamnasa mwanawe kofi.

— Mama, nyumba hii aliniachia baba yangu, alisema mke. Mwanao huyo, nenda naye. Na wewe msusi, mfuate. Nimekuachia.

Msusi akatikisa kichwa, akajipenyeza chini ya mkono wa kaka, akatoka mbio bila viatu.

Mume alibaki, akapiga magoti mbele ya mkewe. Aliongea, akaapa, akaongea tena.

Mkewe alimtazama hadi alipochoka.

— Umemaliza? Sijasikia hata neno moja.

Akamfungulia mlango.