Sauti Kwenye Mto wa Shani

"Mwanangu si mwanao, Bi Mosi. Usinifanye nikasema mengine hapa mbele za watu."

Salama alifoka, na watu walikuwa tele mlangoni kwake. Hata waliobandika vyungu walizima moto wakaja. Tangu Tanga ijengewe ngazi ya anga, ule mnara unaopandisha wafanyakazi hadi vituo vya juu ya mawingu, ghorofa lao halikuwa limepata kisa kitamu namna hii. Shani, binti wa Salama, miaka minne tu, anasema yeye ni Kombo, mtoto wa Bi Mosi aliyeanguka kutoka ngazi hiyo akafa kabla hata Shani hajazaliwa. Anataja kiatu kilichomvuka Kombo akianguka. Anapiga mluzi wake. Bi Mosi naye kamshonea kanzu, mtoto wa kike! Salama kafunga virago, kesho anahama.

Daktari Tunu Mkwizu, aliyeitwa kumpima Shani, alimvika mtoto kofia ya kifuatakumbu. Chombo hicho huifuata kumbukumbu nyuma hadi mlango ilioingilia: iliyoonwa huwaka nyekundu, iliyosikiwa kijani, isiyo na mlango, ya maisha mengine, nyeupe. Katika watoto wote wa namna hii aliowapima, nyeupe haikuwahi kuwaka. Safari hii aliitamani, akajionea aibu.

"Kiatu kilitokaje, Shani?"

Kijani. Mluzi nao, kijani. Tunu akakiamuru chombo kitoe sauti yenyewe, na sauti ya kijana wa kiume ikatoka, akisimulia, taratibu, kama anayembembeleza mtu.

Bi Mosi akaitambua sauti ya Kombo. Alikuwa na kisemeo, kile chombo cha wafiwa kinachoongea kwa sauti ya marehemu, kilichojazwa maisha yake yote hadi habari za ajali.

"Shani alikuwa analia, Salama, ukiwa zamu," akasema. "Namwekea Kombo kwenye mto, ananyamaza. Nikijua kalala, hasikii."

"Kumbe mchawi wa betri," mmoja akanong'ona, wengine wakacheka chinichini.

Bi Mosi hakuwajali. Alimtazama daktari. "Kwa hiyo hakurudi?"

Tunu alimvua mtoto kofia. Akatikisa kichwa kuwa hapana.

Bi Mosi akajitanda khanga vizuri, akageuka aende zake. Watu wakampisha. Salama alimtazama mgongo, ule ule uliombeba Shani miaka yote ya zamu zake, bila kumdai hata asante.

"Unakwenda wapi na chakula kimeiva?" akamwita. "Ingia ndani, mama. Tule."