Kiduha Mwilini mwa Sila

"Mguu wako usivuke hapa, Yoramu. Kifua chake umekiloga wewe."

"Jana ulisema nyonga, shemeji."

"Vyote viwili."

Loisi alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Majirani tulijaa uani, na nani angeondoka? Mwaka uliopita mumewe, Sila, alikojoa damu. Haikumuuma, ikakoma, naye akapuuza. Kisha kikaja kikohozi. Kisha nyonga. Mganga akasema maradhi matatu ni mikono ya watu watatu, na mmoja ni jirani anayekula naye sahani moja. Basi Yoramu, aliyechunga naye tangu utoto, akafukuzwa.

Mwezi mzima Sila alilala karibu na ukuta, upande wa zizi la Yoramu, apate kusikia tu mluzi wake akitoa ng'ombe. Siku Yoramu asipopiga mluzi, Sila hakugusa uji.

Siku hii ya ugomvi mlangoni, Yoramu alipojaribu tena kuingia, alikuwapo Athuman, mchanja ndui aliyetumwa na serikali ya Wadachi kutoka Mpwapwa. Zamani alimsaidia daktari wao hospitalini pwani. Aliomba kumwona mgonjwa. Alipompapasa, akakuta uvimbe mgumu ubavuni. Akatoka, akamwuliza Loisi ni lipi kati ya maradhi yale lilitangulia. Loisi akajibu ni ile damu.

"Mama, ugonjwa ni mmoja," Athuman alisema. "Saratani imeanza kwenye figo, ikasafiri na damu mpaka mapafuni na kwenye mifupa. Huweza kufika hata kwenye ini na ubongo. Kiduha, lile gugu linalonyonya mtama, kikiota pembe moja ya shamba, maji ya mvua hupeleka mbegu zake pembe nyingine. Utasema kila pembe ina mchawi wake?"

Loisi akauliza kama itakatwa.

"Ingekuwa bado ndani ya figo, daktari angejaribu kuikata. Sasa imetoka. Sitakudanganya."

Akatugeukia sisi, akasema anayeona damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata bila maumivu, aende akapimwe mapema. Na ugonjwa huo hauambukizi, hata mkila sahani moja.

Loisi akakaa kizingitini, akalia kimya. Kutoka ndani, Sila akauliza kwa sauti nyembamba kama ni kweli amemsikia Yoramu, au anaota.

Loisi akajifuta uso kwa kaniki yake.

"Nimekukosea, shemeji. Mwezi mzima mwenzako ana hamu ya kukuona. Ingia ule naye, ugali na mlenda bado vya moto."